Picha za Mama Yako Nilizozifuta

Mwanangu Rahma,

Assalaam alaykum. Nakuandikia hapa sebuleni. Alasiri imeshaswaliwa na wewe umo chumbani mwako, ukuta mmoja tu baina yetu. Nakusikia unakunja nguo, unafungua kabati, unafunga. Ningeweza kunyanyuka nikaja nikakwambia haya kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili tangu asubuhi. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama umekula. Mara ya pili nikakuuliza boti ya kesho ni ya saa ngapi, ukanijibu, "Saa moja, baba, nshakwambia," nami nikarudi kukaa.

Basi naandika. Mambo ya safari siyagusi. Shangazi yako Mize ameshakupa orodha yake ndefu, tena wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi vitu tangu una miaka kumi. Nina jambo moja tu, ingawa ndani yake mna matatu. Ni baya, na nimekuficha mwaka mmoja na nusu. Ili ulielewe itabidi nianze mbali kidogo, unisamehe.

Unalikumbuka duka langu la Mchangani, pazia jeupe, stuli, taa mbili. Miaka mingi tulikula kwa picha za pasipoti. Mtu anakaa, ananyoosha shingo, anakwenda zake. Simu zilipozidi mikononi mwa watu, duka likalala, nikaanza kuwapigia picha wenye hoteli na nyumba za wageni, maana kila mmoja anataka vyumba vyake vionekane kwenye mtandao. Nilidhani kazi ni ile ile. Nilikuwa najiona fundi, na mtu akishajiona fundi hamuulizi mtu kitu.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa Kendwa. Meneja alikuwa kijana wa bara, mpole, wa maneno machache. Akazitazama picha zangu kwenye kompyuta, kisha akaweka kidole juu ya dirisha.

"Mzee Haji, bahari yangu iko wapi?"

Dirishani palikuwa peupe pepepe kama shuka. Nilikuwa nimepima mwanga wa chumba, nje kukaungua. Nikamwonesha picha nyingine, niliyopima mwanga wa nje. Humo bahari ilikuwapo, lakini kitanda kimeingia gizani, hata mito haionekani.

"Mgeni anakuja kwa ajili ya bahari," akasema. "Kitanda anacho kwao." Akanipa wiki mbili nirudie.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Ilikuwa likizo yako ya Disemba, kabla hujaingia ngwe ya mwisho ya kidato cha sita. Mama yako akakwambia, "Hebu kamsaidie babako, tangu arudi kutoka Kendwa anasema na ukuta." Ulizitazama picha ukacheka. "Baba, hii ni kazi ya HDR, picha kadhaa unazifanya moja. Hata simu yangu inafanya." Niliona haya, na haya yangu huwa yanatoka kama hasira, hilo unalijua. Nikakwambia mimi nimeshika kamera kabla hujazaliwa. Ukasema, "Haya, Jumamosi twende Kidichi, nkuoneshe."

Siku ile ya Kidichi naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Tulikwenda wote watatu, kwa kuwa ndiko kwao mama yako na yeye alitaka kuwaona ndugu zake. Ukaniingiza kwenye hamamu za Kiajemi. Ndani giza, juu kuna vitundu, jua linashuka humo kama limemwagwa. Ukaifunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu ukanambia niiache.

"Jicho lako, baba, linaona ndani na linaona nje, kwa sababu halitulii, linakwenda na kurudi. Kamera inatazama mara moja tu. Basi tuipe mara tatu. Moja ya kawaida. Moja ya giza, ili pale penye jua pasiungue. Moja ya mwanga mwingi, ili tuone pembeni. Halafu kompyuta inachukua pazuri pa kila moja."

"Na tundu la lenzi nibadilishe?"

"Usilibadilishe hata kidogo. Badilisha muda tu. Na usiiguse kamera, weka ijipige yenyewe. Baba, nimekwambia usiiguse!"

Mama yako alikuwa amekaa nje kwenye jiwe anamenya shokishoki, anatusikia. Akapiga kelele, "Mwache mtoto akufundishe, wee mzee!" Akacheka mpaka akakohoa. Jioni, kwenye kompyuta, nikazivuta rangi nilivyoweza, ukuta ukawa mwekundu unang'aa, na pembeni ya kila kitu kukawa na ukungu mweupe. Nikajisifu. Ukasema, "Baba, hii si hamamu, hii halua." Ukanionesha jinsi ya kurudisha mkono nyuma, ukasema picha nzuri ya namna hii ni ile ambayo mtu haijui kama imefanyiwa kitu. Maneno hayo niliyaandika kwenye karatasi, ninayo.

Januari ukarudi shule, Tanga. Mimi nikabaki na siku chache kabla ya kurudi Kendwa, nikawa nafanya mazoezi humu ndani. Chumba cha mbele kinafaa, kina dirisha moja kubwa linalotazama kwenye uchochoro, na saa nne za asubuhi nje kunawaka na ndani ni kiza. Nikaweka kile kiti cha mvule karibu na dirisha. Nikaona chumba kikavu. Nikamwita mama yako.

"Mama Rahma!"

"Naam."

"Njoo ukae hapa kidogo."

Akaja amevaa kanga ile ya kijani, mikono ina unga. Akaiosha, akakaa. Nikazima pangaboi, maana mapanga yakizunguka yanaharibu picha, na pazia nikalifunga lisipepee. Unajua joto la Januari. Nikamwambia atulie asipumue. Nikapiga tatu, nikaziunganisha humo humo kwenye kamera. Uso ukatoka vizuri, dirisha vizuri, kanga vizuri. Mkono wake wa kulia, ule uliokuwa juu ya ukingo wa dirisha, ukatoka kama mikono mitatu iliyowekwa mmoja juu ya mwingine. Vidole kama moshi.

"Umetikisika."

"Sikutikisika mie."

Tukarudia. Yale yale. Tukarudia tena. Jasho linamtiririka, na mimi sikufungua pangaboi. Mara ya nne, nilipoona vile vidole tena kwenye kioo, nilipandisha sauti. Nikamwambia, "Mama Rahma, hata kukaa tu kunakushinda?"

Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Sikupunguza.

Hakununa. Aliutazama mkono wake, akaugeuzageuza kama mtu anayetazama kitu cha dukani. "Leo mkono huu una mambo yake," akasema. Akaufutika chini ya paja. Halafu akacheka, akasema, "Piga kiti, Baba Rahma. Kiti hakina neno." Akanyanyuka. Alishika fremu ya dirisha kwa mikono miwili ili anyanyuke, mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi zetu na ndoo ya maji kichwani. Nililiona hilo. Niliona kwa macho yangu, nikafikiri amechoka, nikarudi kwenye kamera.

Nikapiga kiti. Kikatoka safi kabisa. Ndiyo ile picha niliyokutumia, na uliponijibu niliruka kwa furaha: "Baba umeweza! Ila kiti kinaonekana kipweke. Mweke mama." Sikukujibu hilo la pili. Jioni kadi ya kamera ilikuwa inajaa na kesho yake nakwenda Kendwa, nikazipitia picha, nikazifuta zote zenye mikono mitatu. Seti nne, picha kumi na mbili za mama yako karibu na dirisha. Nikabakisha kiti.

Kendwa nikafanikiwa. Meneja akaiona bahari yake na kitanda chake pamoja, akanipa mkono. Habari zikaenea, nikaitwa Bwejuu, nikaitwa Kendwa tena kwenye hoteli ya jirani. Wiki nzima nipo nje, nikirudi nazungumza madirisha tu. Mama yako ananisikiliza, ananipakulia, mwenyewe hali. "Nshakula," anasema. Miguu yake ikaanza kuvimba. Akasema ni joto. Na mimi nikasema ni joto.

Tulipokwenda hospitali ilikuwa imeshapita wiki sita. Daktari alizungumza habari ya figo, taratibu, kwa heshima. Akamwomba anyooshe mikono mbele. Ilikuwa inapepea. Akauliza, "Kutetemeka huku kumeanza lini?" Mama yako akajibu, "Siku hizi hizi tu, daktari." Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe mzee, hukuona?"

Mwanangu, mimi nilikuwa naijua siku. Naijua na saa. Nilisema, "Sikuona."

Sikumuuliza kama wiki sita zile zingebadilisha kitu. Mpaka leo sijamuuliza mtu yeyote. Wewe unakwenda Dodoma kusomea uuguzi, na najua kwa nini umeuchagua, ingawa hujanambia. Siku moja utakaa darasani na mwalimu atalieleza jambo hili, na jibu utakuwa nalo. Ukitaka kunambia, nambie. Ukiona bora usinambie, nitajua pia.

Sasa lile la pili. Watu wamekwambia kwamba "tuliamua" usiambiwe. Kuhusu ugonjwa, ni kweli, mama yako alitaka hivyo. Alisema, "Mtoto amalize mitihani yake, asije akaniona hivi akatupa kalamu." Kila Ijumaa ulipopiga simu aliniambia, "Nisubiri, usipokee kwanza." Anakunywa maji, anajiinua kwenye mto, anasafisha koo, ndipo anasema, "Rahma mwanangu! Hujambo?" kwa sauti ile unayoijua. Ukishakata, analala muda wa saa mbili. Nilikuwa nakaa pembeni yake nimeshika simu ya moto mkononi, na sikusema kitu, kwa sababu kunyamaza kulikuwa kwepesi, na nikajidanganya kuwa namtii.

Lakini alipofariki hakuamua yeye. Ilikuwa Jumanne alfajiri, wewe umebakisha karatasi mbili, ya Jumatano na ya Ijumaa. Mjomba wako Khamis alikuwa ameshavaa viatu aende Tanga kukuchukua. Angekukuta, usingewahi mazishi, lakini ungelia na wenzio, ungekaa kwenye mikeka pamoja na watu. Mimi ndiye niliyemshika mkono mlangoni. Nikamwambia, "Mwache amalize, ndiyo wasia wa mamake." Haukuwa wasia. Mama yako alisema usiambiwe kuwa anaumwa. Hakusema kuwa usiambiwe kuwa amekufa. Niliogopa kukutazama, Rahma, basi. Nikazinunua siku nne; hata Ijumaa ulipopiga simu sikupokea.

Jumamosi nikaja kukupokea bandarini. Ukashuka na mfuko wa machungwa ya Muheza, mzito, umekukata vidole, hutaki nikupokee. "Ya mama haya, usiyaguse." Ukaniuliza, "Mama hajambo?" Nikasema, "Twende nyumbani." Ukaniuliza mbona nimekonda. Nikasema, "Twende nyumbani." Njia nzima kutoka bandarini nilikuwa natafuta neno, na kila kona nikajiambia kona inayofuata. Mpaka tukaingia uchochoroni kwetu, Bi Zuwena wa nyumba ya pili akatoka akakukumbatia. "Pole mwanangu. Mungu ampe kauli thabiti."

Ukasema, "Ampe nani?"

Ukanigeukia mimi. Bi Zuwena naye akanigeukia mimi, ameelewa, ameweka mkono mdomoni. Na hata hapo sikusema. Nilitazama chini, na wewe ukajua kwa kunitazama nilivyotazama chini.

Na la tatu ndilo hili lililonikalisha kuandika. Siku kama ya kumi hivi tangu urudi, ulikuja ukakaa pale unapokaa ukila. Ukaniuliza kwa upole, bila lawama, na ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama ungepiga kelele. "Baba, huna hata picha moja ya mama ya mwaka huu? Wewe mpiga picha?"

Nikakujibu, "Mama yako hakutaka kupigwa."

Ukaitikia kwa kichwa. Siku chache baadaye nikakusikia ukimwambia Mize, "Mama alikuwa hataki aonekane anaumwa, ndiyo maana hakutaka picha." Ukajenga kitu juu ya uongo wangu, ukakipamba, ukaona mama yako alikuwa jasiri namna fulani ambayo hakuwa. Alikuwa jasiri, lakini si hivyo. Aliitwa akaja. Aliosha unga akakaa kwenye joto bila pangaboi, mara nne, akijitahidi kutulia kwa ajili yangu, na mwili wake haukumruhusu. Huyo ndiye mama yako. Nimekunyima huyo.

Baada ya jibu lile niliichukua kadi nikaipeleka kwa fundi wa kompyuta, Darajani. Nikamwambia kuna picha nilizifuta, kama anaweza kuzirudisha. Akakaa nayo siku tatu. Nikawa napita kila baada ya sala, mpaka akaniambia, "Mzee, nikipata ntakupigia, usijichoshe." Alizipata nyingi. Vitanda vya Kendwa. Mabafu ya Bwejuu. Mapazia, mito, sabuni kwenye vibakuli. Nikakaa kwenye kibanda chake nazitazama moja moja, kila moja dirisha lake limetoka vizuri. Ya mama yako haikuwamo. Fundi akanieleza kwamba nilipopiga nyingine juu yake, zile za zamani zilifutika kabisa. Akaniuliza, "Zilikuwa za kazi?" Nikasema ndiyo.

Unaona? Hata kwake.

Tangu hapo wewe hukushika kamera tena. Ile ndogo niliyokupa ipo kabatini na betri yake nje. Nami sijakuuliza, na tukawa watu wawili wanaopishana kwenye ngazi. "Shikamoo baba." "Marahaba." Wali umo kwenye sufuria. Umeme umerudi. Nilidhani una huzuni yako na mimi ninayo yangu, na kwamba ndivyo watu wanavyokuwa. Lakini nadhani ulikuwa unangoja niseme kitu na mimi nilikuwa nangoja usahau kuuliza.

Kazi naendelea nayo, kama unavyoona. Chumba kikiwa kitupu naweka stendi, napiga tatu, naunganisha, kama ulivyonifundisha, na mkono naurudisha nyuma. Mwezi uliopita Bwejuu walitaka mpishi wao aonekane jikoni, mama mmoja wa makamo. Nikapiga. Mkono wake ukatoka na moshi. Niliiacha kamera pale pale nikaenda nikamuuliza, "Bi mkubwa, unajisikiaje?" Akanishangaa. Akasema, "Mzima mie, nilikuwa nakoroga mchuzi." Na kweli mwiko ulikuwa mkononi. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya jiko mpaka nikapata pumzi. Sijui kama hilo ni funzo. Nakwambia tu ndivyo nilivyo sasa.

Sikuandiki ili unisamehe. Nimeifikiria sana sababu, na iliyobaki baada ya kuondoa zote za uongo ni hii: unakwenda mbali, utakaa na wagonjwa, na utamkumbuka mama yako kila siku. Nataka umkumbuke yule wa kweli. Alicheka siku ile. Alisema mkono una mambo yake. Dirisha lilikuwa upande wake wa kulia, na jua lilimpata shavuni na kwenye bega la ile kanga ya kijani, na nywele moja ilikuwa imetoka kwenye mtandio imeshikana na jasho. Uso wake ulitoka vizuri katika zote nne. Nilikuwa naitazama mikono tu.

Kulikuwa na njia rahisi ya kukupa barua hii. Ningeitia kwenye begi lako, ukaikuta Dodoma, ukalia peke yako kati ya watu usiowajua, na mimi niko huku nimekaa salama. Jana ndivyo nilivyokuwa nimepanga. Lakini nimeshakufanya mara moja ujue mambo baada ya kwisha, njiani, kwa mdomo wa jirani. Sitafanya tena.

Kwa hiyo nakuletea sasa hivi, mkononi, kabla ya magharibi. Nitakaa hapa sebuleni. Ukitaka kunipigia kelele, njoo. Ukitaka kuniuliza, uliza, nami nitajibu kila kitu bila kutazama chini. Na ukitaka kesho nisije bandarini, nambie usoni, mwanangu, nitabaki.

Babako,
Haji